Siku Nne Katika Ziwa Bunyonyi

Neno yoga limekwisha kufika katika masikio ya wengi wetu, ila kwa wengi limekomea hapo hapo masikioni. Wako wanaoliona kuwa ni anasa ya wenye nafasi wa Kololo na Muyenga. Wako wanaolidhania kuwa ni dini ya Kihindi iliyovalishwa nguo za michezo. Na wako, hususan katika kota za askari, wanaocheka na kusema kwamba mtu aliyepigishwa gwaride tangu alfajiri hahitaji mwalimu wa kumfundisha kunyoosha mguu. Katika nyumba yetu maoni yote matatu yalikuwa na mwakilishi wake. Hata hivyo, mwishoni mwa Agosti, shule zilipofungwa, tulifunga mizigo watu watano, yaani mume wangu ambaye ni sajini wa jeshi, mama yake mzazi, watoto wetu wawili na mimi, tukaenda kukaa siku nne katika kisiwa kimoja cha Ziwa Bunyonyi, mahali palipoandaliwa mapumziko ya yoga kwa wazazi pamoja na watoto wao.

Sababu ya safari hiyo naieleza kwa idhini ya mwenyewe. Baba watoto alitumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, huko ambako askari wa Uganda walitangulia kufika mwezi wa Machi mwaka 1007 baada ya miaka elfu moja kuongezwa, kama anavyopenda kutania yeye mwenyewe akiona jinsi zamu zilivyokuwa ndefu. Kwa hesabu ya kawaida ni mwaka 2007. Alirudi mzima, mikono miwili na miguu miwili, na kila aliyekuja kutupongeza alimhesabu hivyo. Kisichohesabika kwa macho kilikuwa usingizi. Alikuwa akipata usingizi saa tisa za usiku na kuamka saa kumi. Akiketi sebuleni, kiti chake sharti kielekee mlangoni. Mtoto akiangusha sufuria jikoni, baba alikuwa amekwisha kusimama kabla sufuria haijatulia sakafuni. Daktari alimwona, akampa dawa na akampangia siku za kurudi kuzungumza naye, na matibabu hayo hakuyaacha. Ni daktari huyo huyo aliyesema kwamba mazoezi ya kupumua polepole huwafaa baadhi ya watu wenye hali kama yake, mradi yasifanywe badala ya matibabu. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyeleta habari za kisiwa. Fedha zilitoka katika akiba yetu ya chama cha kuweka na kukopa, nasi tulichagua hema badala ya chumba, maana bei ya chumba haikuwa ya mshahara wa sajini wala ya mtumishi wa ofisi ya elimu wilayani.

Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Masaka, Mbarara na Ntungamo, na basi la alfajiri hufika alasiri. Njia hiyo inajulikana na sina haja ya kuisimulia. Nitasema tu kwamba baada ya Ntungamo vilima vinaanza kusogeleana, migomba inapungua, viazi na mtama vinaongezeka, na abiria mmoja mmoja anaanza kutoa sweta mkobani. Mama mkwe, ambaye ni mzaliwa wa huko, alikuwa amekwisha kuvaa lake tangu Mbarara na kutuangalia sisi wengine kwa huruma.

Kutoka mjini Kabale gari hupanda kilima kwa muda usiotosha kumaliza hindi moja la kuchoma. Ghafla, ukingoni mwa kilima, ziwa linafunguka chini yako. Liko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake ni yapata kilomita 25, upana wake hauzidi kilomita 7, na ndani yake vimetapakaa visiwa 29. Wajuzi wa miamba wanaeleza kwamba hapo kale palikuwa bonde la mto; volkano ikatapika, uji wa moto ukaliziba bonde ukapoa na kuwa jiwe, na maji yalipokosa pa kutokea yakapanda yakizimeza nyanda na kuviacha vilele. Visiwa vile, basi, ni vilele vya vilima. Ndiyo sababu kando nyingi za ziwa zinashuka wima, na mgeni asiyejua kuogelea haifai aingie hata hatua tatu bila kumwuliza mwenyeji. Viboko na mamba hamna, jambo ambalo watoto wetu walilithibitisha kwa kumwuliza kila mpiga kasia waliyekutana naye.

Jina Bunyonyi, kwa Rukiga, maana yake ni mahali penye ndege wadogo wengi, na jina hilo halikutolewa bure. Kunapopambazuka, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, huwaoni ila unawasikia. Baadaye ukungu unapasuka na unaona wameshika kila unyasi wa mafunjo. Nchi kavu pande zote imelimwa kwa matuta kutoka majini hadi kileleni, shamba juu ya shamba. Wakiga ni watu wa jembe, na mahali pale huwezi kukaa nusu saa bila kusikia sauti ya mtu anayemwita mwenziwe kutoka kilima hadi kilima kupitia juu ya ziwa.

Usafiri wa wenyeji ni mtumbwi wa gogo la mkaratusi. Mtu asiyeuzoea akishika kasia, mtumbwi hauendi mbele bali unazunguka mahali pamoja, na wenyeji wana jina la utani kwa mzunguko huo linalowahusu Wazungu. Mume wangu na kijana wetu wa miaka kumi na mmoja walidhihirisha kwamba si lazima uwe Mzungu. Walizunguka mara nne mbele ya gati, mama mkwe akicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilikuwa sijamsikia mume wangu akichekwa na kucheka pamoja na wanaomcheka kwa muda mrefu, na kwa upande wangu ningeweza kurudi nyumbani jioni ile ile nikiwa nimeridhika.

Kambi yenyewe ilikuwa na vibanda vichache vya matete, mahema, jiko la wazi na kiwanja cha nyasi chini ya mikaratusi. Familia zilikuwa sita. Mwalimu wetu alikuwa binti wa Kiganda aliyewahi kufundisha michezo shuleni kabla ya kujifunza yoga, naye alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa la watoto sabini bila kupaza. Jambo hilo mimi, niliyepitia chuo cha ualimu, nililitambua mara moja na kulistahi.

Jioni ya kwanza hatukunyoosha kiungo chochote. Tuliketi tukanywa uji wa mtama, na mama mkwe, ambaye ni mlokole wa siku nyingi, akauliza swali ambalo bila shaka msomaji naye analo. Ikumbukwe kwamba Kabale ni mojawapo ya mahali uamsho ule ulipowakia katika Afrika Mashariki, hasa tangu mkutano mkubwa wa mwaka 1935, na mtu aliyelelewa katika moto huo hawezi kukaa kimya.

“Mwanangu,” alimwambia mwalimu, “haya tutakayofanya kesho, anaabudiwa nani?”

“Sitakudanganya, mama,” mwalimu akajibu. “Huko India mambo haya yalizaliwa ndani ya dini, na wako ambao kwao ni ibada hadi leo. Neno lenyewe ni la Kisanskrit, na asili yake ni kufunga pamoja, kama ng’ombe wawili wafungwavyo nira. Mimi hapa nafundisha kupumua na kunyoosha mwili. Utakapofumba macho, utakayesema naye ni yule unayemjua wewe.”

Mama mkwe alitafakari, akasema atatazama kwanza. Kesho yake alichukua kiti cha mbao, akakiweka kandoni mwa kiwanja, Biblia mapajani. Tulipopumua alipumua nasi. Tulipofika kwenye zile harakati ziitwazo salamu za jua, yeye alifungua Zaburi. Naona alitenda haki kwa pande zote mbili. Mtu anayekubali kila kitu kwa sababu kimetoka ng’ambo, na mtu anayekataa kila kitu kwa sababu hiyo hiyo, wote wawili hawajakitazama kitu chenyewe.

Kwa faida ya wasomaji nitaeleza kwa ufupi tuliyofundishwa juu ya historia yake. Maandishi mashuhuri kuhusu yoga ni yale yanayohusishwa na mwalimu wa kale aitwaye Patanjali, naye anaitaja yoga kuwa ina viungo vinane. Mikao ya mwili ni kiungo kimoja tu katika hivyo. Vingine vinahusu mwenendo mwema, pumzi, na kutuliza fikira. Mazoezi mengi tunayoyaona leo hayakushuka yote kutoka zama za kale, bali yalipangwa upya katika karne ya 20 na walimu kama Krishnamacharya, aliyefundisha katika jumba la mfalme wa Mysore katika miaka ya 1930. Wako wanahistoria wanaoona kwamba mazoezi ya viungo ya majeshi na ya shule za wakati ule yaliingia humo. Hapo mume wangu, aliyekuwa kimya tangu tufike, alisema, “Kumbe hata hili ni gwaride.” Mwalimu akamjibu kwamba ni gwaride ambalo kila mtu ni afande wa nafsi yake.

Tarehe 11 Desemba mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, liliamua kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga ulimwenguni, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Lililotugusa zaidi sisi watu wa kota ni habari za wale polisi wa India wanaolinda mpaka wa Tibet. Kila mwaka siku hiyo huonekana katika picha wakifanya mikao yao juu ya theluji ya Ladakh, mahali palipo zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, wamevaa makoti mazito. Vilevile huko Marekani hospitali za askari wastaafu zimeiweka yoga miongoni mwa huduma wanazoweza kupata pamoja na matibabu yao. Nayataja haya kwa ajili ya yule ndugu atakayesema kwamba hayo ni mambo ya wanawake.

Na sasa nije kwenye mazoezi yenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele ya kopo ilipigwa. Tulitandika mikeka ya mpira juu ya nyasi zenye umande. Watoto wadogo walifanya vizuri kutushinda sote, kwa kuwa mwili wa mtoto haujajifunza kuwa mgumu. Binti yetu wa miaka saba alikunjika kama kitambaa, kisha akapotea kumfuata chura. Mimi niligundua kwamba miaka ya kuinamia majalada ofisini imenijengea ukuta mgongoni. Pumzi tulifundishwa hivi: kuvuta hewa puani ukihesabu moja hadi nne, tumbo likijaa, kisha kuitoa polepole ukihesabu hadi sita au hadi nane. Siri iko katika kuitoa. Pumzi inayotoka kwa muda mrefu kuliko iliyoingia hupunguza mwendo wa moyo, kwa sababu uko mshipa wa fahamu utokao kichwani hadi kifuani na tumboni, ambao kazi yake mojawapo ni kuupelekea moyo habari kwamba hatari imepita. Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upige taratibu, lakini pumzi anaweza kuiamuru, na moyo ukafuata nyuma. Mume wangu aliyafanya yote hayo barabara. Wenye kazi ya kulenga shabaha, alisema, wanaijua pumzi hiyo.

Tatizo lilikuja mwishoni. Kila kipindi cha yoga hufungwa kwa mkao mmoja, na waliokwisha kuufanya husema kwamba ndio mgumu kuliko yote ijapokuwa hauna kazi. Unalala chali, miguu imeachana, viganja vimeelekea juu, macho yamefumbwa, na hufanyi lolote. Kwa Kisanskrit unaitwa shavasana, na maana yake haina fumbo: mkao wa maiti. Mwalimu alilitamka jina hilo kwa Kiswahili kama alivyotamka mengine. Mume wangu, aliyekuwa ameanza kulala, aliinuka, akaukunja mkeka wake kwa utaratibu, akaenda kusimama gatini, mgongo wake ukiwa umeelekea kwetu.

Tulipomaliza, mwalimu alimfuata, akasimama mbali kidogo naye. Nilikuwa nakunja mikeka ya watoto na nilisikia.

“Afande, jina si amri.”

“Mwalimu, mimi nimewaona wanaolala hivyo.”

Mwalimu hakuharakisha kujibu. Kisha akasema, “Basi usilale hivyo. Kesho lala ubavu, uso uelekee gatini, macho wazi. Sisi wengine tutafumba, kwa kuwa wewe uko macho.”

Nimekwisha kusikia mashauri mengi waliyopewa watu waliorudi kutoka vitani, aghalabu na watu wasiowahi kufika huko: sahau, omba, kunywa kidogo, pata mtoto mwingine. Hili ndilo la kwanza nililolisikia ambalo halikumtaka mtu awe mwingine kwanza ndipo apumzike. Siku ya pili alilala ubavu, akalinda. Familia sita zilifumba macho chini ya ulinzi wa sajini mmoja, na wengi wao hawakujua.

Alasiri ya siku hiyo tulipanda boti kwenda kuona visiwa. Boti ilipita karibu na Akampene, kijisiwa cha matete chenye upana wa uwanja mdogo na mti mmoja mkavu ambao mnandi walikuwa wameutwaa. Zamani, katika baadhi ya jamii za Wakiga, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alipelekwa pale akaachwa afe kwa njaa na baridi, au azame akijaribu kuogelea. Mwanamume asiye na ng’ombe wa mahari aliweza kuja kumchukua bila kulipa. Desturi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini si zamani kama tunavyotaka kuamini, maana hata mwaka 2017 waandishi wa habari walimkuta kikongwe aliyewahi kuachwa hapo akiwa msichana na akaokolewa namna hiyo. Mama mkwe hakutazama upande ule. Watoto waliuliza wale wavulana waliowapa mimba walipelekwa kisiwa gani. Mpiga boti alisema hakukuwa na kisiwa chao.

Kutoka hapo tulikwenda Bwama, kisiwa kikubwa. Madaktari wamisionari wawili Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale mwaka 1921, na mwaka 1931 Sharp akaanzisha Bwama makao ya wagonjwa wa ukoma. Wakati ule ukoma haukuwa na dawa ya uhakika, na mgonjwa katika vijiji vingi alifukuzwa. Pale Bwama walipata nyumba, kanisa, matibabu na mashamba ya kulima wenyewe. Dawa zilipopatikana na ukoma ukawa ugonjwa wa kutibiwa mtu akiwa nyumbani kwake, makao hayo yalifungwa, na majengo yake yakawa shule. Watoto huenda huko kwa mitumbwi, vitabu vimefungwa katika mifuko ya plastiki. Mume wangu aliuliza maswali mengi kupita kawaida yake: walikuja peke yao au na wake zao, waliopona walipokewaje kwao. Mpiga boti alisema wengine walirudi kwao, na wengine hawakutaka kuondoka tena.

Usiku ule sikupata usingizi upesi, na kwa mara moja haikuwa kwa sababu yake. Nilifikiri juu ya neno kutengwa na neno kujitenga, jinsi yalivyo na shina moja. Visiwa vile vile ambavyo babu zetu walivitumia kuwaondoa machoni pao wale waliowatia aibu au hofu, leo watu wanalipa fedha ili wakae humo wasionekane. Sitaki kumcheka anayelipa, nami nililipa. Lakini niliona kwamba mgonjwa wa Bwama alipata nafuu kwa sababu kule kisiwani alipata jirani, shamba na kazi, ilhali msichana wa Akampene aliachwa peke yake. Maji yaliyowazunguka ni yale yale. Askari anayerudi nyumbani na kukaa na usiku wake peke yake sebuleni, hali sisi tumelala chumbani, anakaa katika kisiwa cha namna gani? Swali hilo sikulizungumza na mtu yeyote kule, na nimeliandika hapa kwa sababu najua ziko nyumba nyingine zenye sebule kama hiyo.

Siku ya tatu, ulipofika wakati wa kulala, mume wangu alimwita kijana wetu. Alimsimamisha kwenye mzizi wa mkaratusi unaotazama gatini, akamkabidhi zamu kwa utaratibu kamili kama zinavyokabidhiwa zamu: eneo lako ni kutoka pale hadi pale, hali ni shwari, kukitokea jambo toa taarifa. Mtoto alipiga saluti bila mzaha. Kisha baba yake akalala chali, viganja juu, akafumba macho.

Sikulala mimi; nilimtazama. Mwanzoni kope zake zilikuwa zikitetemeka. Binti yetu akaja, akaweka kichwa chake juu ya tumbo la baba yake, kama tulivyowafundisha watoto kufanya ili waione pumzi ikipanda na kushuka, na akawa anapanda na kushuka pamoja nalo. Baada ya dakika chache ilisikika mashine ya boti. Niliona mkono wake mmoja ukikunja ngumi.

“Ni boti ya mboga, baba,” kijana akatoa taarifa.

“Vema,” akajibu, na mkono ukafunguka. Hakuinuka.

Usiku wa siku hiyo alilala kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri. Usiku uliofuata alilala saa tatu tu. Naandika tarakimu zote mbili ili asiwepo mtu atakayesema kwamba nimetangaza dawa.

Anayetaka kwenda ajue haya machache. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya ukavu, lakini usiku wake ni wa baridi kali. Chukua blanketi zaidi ya ulizoambiwa. Katika boti mdai kila msafiri wako, hata mtu mzima, jaketi la kuelea, na likikosekana ngoja boti nyingine. Chakula cha pale ni kizuri: viazi, maharage, na kamba wa ziwa ambao hawakuwamo humo zamani bali waliletwa. Kabla ya kulipa uliza mwalimu ni nani na amejifunza wapi, na ikiwa mmoja wenu ana maumivu ya mgongo, presha, au mimba, mweleze mwalimu mapema. Tena mwulize kama humruhusu mtu kubaki na macho wazi. Akisema hapana, tafuta mwingine.

Wasioweza safari wasidhani wamekosa kitu kikubwa. Pumzi haina nauli. Sisi hapa kotani tunatandika mikeka uwanjani nyuma ya nyumba kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya foleni ya maji. Wiki za kwanza majirani walikuja kucheka, na mmoja alituuliza kama tunasubiri mvua ya mana. Siku hizi kuna askari watatu wanaokuja na wake zao, mmoja akiwa na godoro la mtoto kwa kukosa mkeka. Mwishoni kabisa mmoja wetu huwa halali. Anakaa kwenye ngazi, uso umeelekea njiani, na zamu hiyo inazunguka, watoto wakiwamo. Mama mkwe, kila ajapo kututembelea, bado hukaa kwenye kiti chake cha mbao, na ndiye anayetuhesabia pumzi, kwa Rukiga. Mvua za vuli zimekwisha kuanza, na kwa sasa tunachotafuta ni mahali penye paa panapotosha watu tisa kulala chali.